Sentimita 59: shajara ya kufufua Volkswagen Beetle ya 1969 na mwanangu

Wiki ya 1

"Baba, naona ardhi."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mradi huu. Gari lilikuwa limeshushwa kwenye trela muda si mrefu, na kijana alikuwa ameshapiga magoti ndani, zulia la nyuma kalikunja mpaka kiti cha mbele, anachungulia tundu linalopitisha ngumi mbili. Chini yake majani yanaonekana vizuri kabisa.

Ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, injini ya 1300. Liliegeshwa miaka tisa iliyopita, likafunikwa turubai, na halikuguswa tena. Kijana ana miaka 15. Mimi nimewahi kutengeneza gari moja tu la zamani, tena nikiwa na fundi pembeni, kwa hiyo mengi tutajifunza pamoja.

Nimelichagua kwa mapenzi, sikatai, lakini hesabu pia ilikuwepo. Mwezi Februari 1972 idadi ya Beetle zilizotengenezwa iliipita ile ya Ford Model T, zaidi ya milioni 15, na kiwanda cha mwisho, kile cha Puebla nchini Meksiko, hakikusimama mpaka Julai 2003. Jumla ilifika 21,529,464. Gari lililotengenezwa kwa wingi kiasi hicho, kwa miaka mingi kiasi hicho, vipuri vyake bado vipo na bei yake inavumilika. Mwenye mfuko mdogo aanzie hapo: sura ya gari itamfurahisha siku moja, gasketi ataihitaji kila wiki.

Tundu halikunishtua. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na asidi inayovuja hula bati la chini yake polepole bila mtu kuona. Nilichokwenda kukitazama kabla ya kununua ni vingine. Milango inafunga bila kuinuliwa, na mwanya kati ya mlango na bodi uko sawa juu na chini, maana yake bodi haijalegea katikati. Kisha kingo za chini ya milango. Leo tumezirudia pamoja, tukizigonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kwenda nyuma, kijana akiwa ameweka sikio karibu. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti iliyokufa. Kushoto kote kunalia. Kulia, sentimita kama 20 za mwisho zimekufa.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya nitoe pesa. Unaishika puli ya injini kwa mikono miwili, unaivuta kwako, unaisukuma. Ikicheza na kugonga, beringi kuu imechimba makao yake na injini lazima ipasuliwe yote. Yetu haikugonga. Nimeazima saa ya kupimia mchezo huo na kijana amesoma milimita 0.11. Mwisho unaoruhusiwa ni 0.15. Kwa tofauti hiyo ya milimita 0.04 tumeponyoka kazi ambayo ingeumeza mradi mzima.

Wiki ya 1, Jumapili

Tumenunua daftari gumu la kurasa 200. Analishika yeye. Kanuni ziko mbili: hakuna kinachonunuliwa kabla hakijapimwa, na hakuna kinachonunuliwa ambacho hakijaandikwa. Kanuni inanibana mimi pia.

Pesa yote tumeigawa leo, kabla mtu hajaanza kutamani. Nusu ni ya kusimamisha gari na kulizuia lisiungue: breki, matairi, mipira ya petroli, waya. Robo ni ya bati. Robo ya mwisho haiguswi mpaka injini iwake, kwa sababu injini iliyolala miaka tisa haikuambii shida zake mpaka imeamka. Rangi haimo. Alibisha kidogo, kisha akafungua ukurasa wa mwisho kabisa, akaandika neno "rangi" peke yake katikati, akafunga. Nimeliacha.

Wiki ya 2

Nati na bolti. Kila inayotoka inapigwa picha mahali pake, inatiwa kwenye kopo, kopo linaandikwa. Tuna makopo 31 sasa.

Kuhusu zilizoganda: tunazinyunyizia dawa ya kutu jioni, tunazinyunyizia tena asubuhi, tunazigonga kichwani kwa nyundo ndogo mara kumi, kisha tunazikaza kidogo kabla ya kuzifungua. Kukaza kwanza kunauvunja ule mshiko wa kutu bila kuikata bolti. Kijana hakuniamini mpaka alipokata bolti ya madigadi kwa kuvuta moja kwa moja. Iliyofuata aliikaza kidogo, ikatoa mlio kama wa mlango mkavu, ikafunguka. Sasa kwa kila bolti anausubiri ule mlio.

Wiki ya 3

Leo nilitaka kuiwasha. Nilikuwa nimeazima betri, nimetia petroli kwenye chupa na kuifunga kwa mpira mpya moja kwa moja kwenye kabureta. Nilikuwa na hamu ya kuisikia, basi.

Kijana alikuwa anasoma namna injini inavyopozwa. Injini hii haina maji wala rejeta. Feni inavuta upepo, inaupeleka ndani ya kava la bati, kava linaushusha juu ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Akaniuliza: "Baba, upepo unaingilia wapi, na tutajuaje kama njia iko wazi?"

Sikuwa na jibu. Tukatoa betri, tukachukua tochi na waya mrefu uliokunjwa ncha. Waya ulirudi na nyasi. Ukarudi na kitambaa, na vipande vya sponji ya kiti. Panya walikuwa wamejenga ndani ya kava, juu kabisa ya silinda za kushoto.

Kwa wasiojua Beetle za miaka hiyo, silinda namba 3 iko kushoto upande wa mbele, na kipozea oili kimesimama ndani ya kava kwenye njia ya upepo wake. Hata siku nzuri hupata upepo mchache kuliko wenzake. Ukiongeza kiota juu yake, dakika chache zinatosha kuikaanga. Ningeiua injini yenye beringi nzima kwa sababu ya hamu ya kusikia mlio.

Kijana ameandika: "Wiki ya 3. Hatukuwasha. Kiota." Akapiga mstari chini ya neno la mwisho mara mbili.

Wiki ya 4 na ya 5

Injini nje. Inashikwa na bolti nne tu kwenye gia boksi, mbili juu na mbili chini. Ukitoa hizo, na waya wa pedali ya mafuta, na mipira ya hita, na mpira wa petroli (uzibwe mara moja), na nyaya chache za umeme, inateremka chini yenyewe juu ya jeki. Uzito wake unazidi kilo 100, kwa hiyo tumeiteremshia kwenye ubao mpana uliofungwa juu ya jeki ya magurudumu, na gari lilikuwa juu ya stendi nne. Hakuna anayeingiza hata mkono chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake. Hilo halijadiliwi kwetu.

Kava lilipotoka tulijaza ndoo mbili za takataka. Kijana amesafisha mapezi ya silinda kwa brashi ya waya na kijiti cha mbao, pezi moja baada ya jingine. Siku mbili nzima. Sikumsaidia, kwa sababu aliniomba nisimsaidie.

Wiki ya 7

Breki, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi ilipokwenda na ndipo nilipojifunza zaidi.

Ngoma za breki, zile zinazozunguka pamoja na magurudumu, zimetoka zote nne. Silinda ndogo za magurudumu zilikuwa zimeganda tatu kati ya nne. Lainingi za mbele (vipande vinavyoisugua ngoma) zimebaki unene wa kadi. Mipira ya breki kwa nje ilionekana mizima, lakini tulipoikata mmoja, tundu la ndani lilikuwa limevimba mpaka limebaki jembamba kama sindano. Mpira wa namna hiyo unaruhusu mafuta yapite ukikanyaga na unakataa kuyarudisha ukiachia, na gurudumu linabaki limeshikwa. Mipira ya breki ya zamani isiokolewe kwa macho. Tumebadilisha yote, na silinda ndogo zote, na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali). Ngoma zenyewe zimepimwa na ziko ndani ya kipimo, kwa hiyo zimebaki.

Sasa ile nati ya nyuma. Ngoma ya nyuma ya Beetle inashikwa na nati moja kubwa ya milimita 36, na inatakiwa ikazwe kwa karibu nyutoni-mita 300, yaani nguvu kwa nyutoni mara urefu wa mpini kwa mita. Ikilegea, meno ya ngoma yanasagika, ngoma inaharibika. Spana ya kupimia nguvu kubwa kiasi hicho hatuna, na kuinunua kwa nati mbili ingekula pesa ya tairi. Nilikuwa naanza kusema tukaze kwa nguvu zetu zote na iishie hapo.

Kijana akasema subiri. Akapanda kwenye mzani, kilo 52. Akafungua daftari nyuma, akaandika: 52 mara 9.81 ni nyutoni 510. 300 gawanya kwa 510 ni mita 0.588. Akachukua bomba la chuma tunalolitumia kurefusha mpini wa soketi, akapima sentimita 59 kuanzia katikati ya nati, akachora mstari kwa rangi nyeupe, na kuandika "59" kando yake.

Tukafanya hivi. Gari chini juu ya magurudumu yake, kabari mbele na nyuma, breki ya mkono juu. Bomba likalazwa sambamba na ardhi. Akaweka mguu kwenye mstari, akauweka wa pili, akanyanyuka taratibu bila kuruka, kidole kimoja tu kikigusa madigadi asianguke. Bomba likashuka chini yake kama mshale wa dakika wa saa, likasimama. Tukalirudisha sambamba, akapanda tena. Halikushuka. Nyutoni-mita 300, kwa mwili wake mwenyewe. Pini ya usalama ilikuwa haijakutana na tundu, na kwenye nati hii hurudi nyuma kulitafuta tundu, unakwenda mbele mpaka lijalo. Tukasogeza kidogo, pini ikaingia.

Nilimwambia nimefurahi. Nikamwambia pia kwamba mimi nisingeliwaza hilo.

Wiki ya 8

Tumetoa hewa kwenye breki. Yeye kwenye pedali, mimi chini na mpira wa kupitishia na chupa, tukianza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia." "Nimeshikilia." Nafunga. "Achia." Mara sabini hivi. Pedali sasa inasimama juu, ngumu.

Mafuta ya breki yamedondokea bodi na kubabua rangi mahali pawili. Yamwagiwe maji hapo hapo yanapomwagika, tusisubiri kitambaa.

Wiki ya 9 mpaka ya 14

Sakafu. Wiki sita, na nyingi zimefanana.

Kuna sakafu nzima za kununua, kushoto na kulia. Tulipopima, uozo wetu uko nusu ya nyuma ya upande wa kulia peke yake, pamoja na zile sentimita 20 za ukingo. Kwa hiyo tumenunua nusu ya sakafu na kipande cha bati la milimita 1.2. Kila kiraka kimekatwa kwanza kwa karatasi ngumu ya katoni, kikajaribiwa, kikakatwa tena, ndipo kikahamishiwa kwenye bati. Karatasi ni bure, bati si bure. Kuna kiraka kilichochukua katoni tano.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, tangi la petroli lilitolewa mbele na kupelekwa mbali kabisa, viti na mazulia yakatoka, na ndoo ya maji ikakaa karibu. Fundi mchomeleaji tuliyemkodi alitumia siku mbili kwenye ukingo, maana ukingo unabeba uzito na sikutaka sisi tujifunzie pale. Sakafu tulifanya wenyewe baada ya kuharibu vipande kadhaa vya bati kwa mazoezi. Siri aliyotuachia fundi ni kutofuata mstari: piga nukta moja hapa, nyingine ng'ambo, nyingine katikati, acha ipoe, rudi. Ukifuata mstari joto linajikusanya na bati linajikunja kama jani kavu.

Nimetoboa matundu kwa moto mkali mara nne. Kijana mara mbili. Tumeyaziba.

Katika kipindi hiki tuligombana. Ilikuwa wiki ya 12, mchana wa jua, kiraka hakikai, nikamwambia aende ndani nimalize mwenyewe. Akaenda. Nilichomelea dakika kumi, nikazima mashine, nikamfuata. Nilimwomba radhi na nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa nimechoka na nilikuwa naona aibu kwa kushindwa mbele yake. Akasema, "Hata mimi nilikuwa nimechoka, Baba, ila sikutaka kuacha kabla yako." Hatukurudi kazini siku ile. Nimeamua kuliandika kwa sababu mzazi atakayesoma shajara hii kabla ya kuanza kazi kama hii ajue kuna siku hiyo, na ikifika mashine izimwe.

Wiki ya 15

Mitihani ya shule. Hakuna kazi.

Wiki ya 17

Nimevunja kitu. Chini ya injini kuna kifuniko cha mviringo chenye chujio la waya, ndicho kinachofunguliwa kumwaga oili. Kinashikwa na nati ndogo sita, na nguvu yake ni nyutoni-mita 7 tu, yaani vidole viwili kwenye spana fupi. Kasha la injini hii ni la aloi ya magnesiamu, jepesi na laini. Nilikaza ya nne kama ninavyokaza nati nyingine yoyote. Nikasikia inalegea badala ya kubana, na studi (bolti isiyo na kichwa iliyopandwa kwenye kasha) ikatoka na uzi wake wote, yaani ile mikato ya skrubu, kama skrubu kwenye muhogo. Kijana hakusema neno. Alikwenda kulichukua daftari.

Tiba ipo: studi yenye ngazi, upande mmoja wa milimita 8 unaoingia kwenye kasha baada ya kukatiwa uzi mpya, upande wa pili milimita 6 kama zamani. Tumekata uzi kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, grisi nyingi kwenye ncha ili vumbi la chuma linate humo lisiingie ndani. Inashika. Zile tano nyingine amezikaza yeye.

Wiki ya 19

Tapeti, yaani kuseti nafasi kati ya valvu (vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) na mikono inayozisukuma. Hii ni kazi ya injini baridi, na nafasi ni milimita 0.15 kwa valvu zote nane.

Tumefanya injini ikiwa bado chini, juu ya ubao. Unaizungusha mpaka pistoni namba 1 ifike juu kabisa ikiwa valvu zote mbili zimefunga, rota ya distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa silinda) ikielekea alama ya namba 1. Unaseti mbili. Unazungusha puli nusu mzunguko kinyume na saa, unaseti namba 2, nusu nyingine namba 3, nusu nyingine namba 4. Kwa kuwa mpangilio wa moto ni 1, 4, 3, 2, ukirudi kinyume unazikuta kwa hesabu ya kawaida, na hilo lilimpendeza sana kijana.

Kipimo chenyewe hakisomeki kwa macho. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, lazima ipite kwa kusuguana kidogo, kama unapochomoa karatasi moja katikati ya kitabu kilichofungwa. Nilimwachia ajaribu, nikajaribu baada yake, tukalinganisha. Kufikia valvu ya tano vidole vyetu vilikubaliana.

Namba 3, valvu ya kutolea moshi, ndiyo iliyonitia wasiwasi. Tuliikuta na nafasi ya milimita 0.05. Nafasi ikipungua peke yake namna hiyo, huenda valvu inarefuka kwa joto, na valvu inayorefuka mwisho hukatika kichwa na kuangukia pistoni. Huenda pia aliyeiseti mara ya mwisho alikosea. Kuangalia tu hakutatuambia. Tumeiseti 0.15, na daftari limeandikwa: ipimwe tena baada ya kilomita 500. Ikipungua, kichwa cha silinda kinatoka.

Wiki ya 20

Injini imerudi ndani. Taa za mbele zilikuwa zinawaka hafifu, na nilishaanza kufikiria nyaya mpya. Kijana alipima kwanza: volti 12.4 kwenye betri, 9.7 kwenye taa. Akatafuta zilipopotelea. Karibu zote zilipotelea mahali waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri) unaposhika bodi, kwenye bolti moja yenye kutu. Msasa, grisi kidogo, volti 12.1. Hatujatumia chochote.

Mipira ya petroli yote mipya, vibano vipya, na chujio tumeliweka nje ya chumba cha injini. Beetle nyingi zimeungua kwa mpira mzee kuchomoka juu ya distributa. Betri nayo ina kifuniko sasa, kwa sababu springi za kiti cha nyuma zikigusa vichwa vyake mtu mzito akikaa, kiti kinawaka.

Wiki ya 22

Mama yake hakuwa ameingilia kitu mpaka leo. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akatafuta mkanda, hakuupata. Akasema gari hili halitambeba mwanawe bila mikanda, na yuko sahihi. Sehemu za kufungia bolti zake zipo tayari kwenye bodi chini ya plastiki. Mikanda imetoka kwenye ile robo isiyoguswa, kwa kura tatu dhidi ya sifuri.

Wiki ya 23

Imewaka.

Tulianza bila plagi. Oili mpya lita 2.5, matone machache kwenye kila silinda, tukaizungusha kwa mkono mizunguko miwili. Kisha kwa stata, waya wa koili ukiwa umechomolewa, mpaka taa ya oili izimike. Kijana alihesabu sekunde kwa sauti, na taa ilizimika kwenye 14. Plagi zikarudi, pointi (swichi ndogo ndani ya distributa) zikapimwa mwanya wake mara ya mwisho, milimita 0.4. Kizima moto kwenye mkono wangu wa kushoto, yeye kwenye ufunguo.

Mara ya kwanza ilipiga chafya. Mara ya pili kimya, petroli haiji. Sindano ya kuingizia petroli kwenye kabureta ilikuwa imenata, tukaitoa, tukaisafisha, tukairudisha. Mara ya tatu ikashika silinda mbili, ikatetemeka, ikashika zote nne. Moshi mweupe, kisha wa buluu, kisha hapana. Alinitazama kupitia kioo cha nyuma na hakuinua mkono kwenye ufunguo. Tuliiacha dakika mbili, tukaizima, tukalala chini kutafuta uvujaji. Tone moja kwenye kifuniko cha tapeti za kulia. Kwenye studi yangu, pakavu.

Wiki ya 26

Rangi. Nilidhani amesahau ule ukurasa wa mwisho. Leo ameufungua mwenyewe, pesa iliyobaki ameiandika chini ya neno lile, na bei ya kupuliza rangi vizuri chini yake. Haifiki nusu. Nilimwambia tunaweza kusubiri mwaka mmoja. Akaenda kulizunguka gari na ndoo na kitambaa.

Uamuzi wake ni huu: palipochomelewa na palipo wazi patiwe praima na rangi ya brashi inayokaribiana, kwingine kuoshwe, kusuguliwe kwa polishi na kuachwa. Mimi naona ni uamuzi bora kuliko ule ambao ningeufanya. Rangi ya bei rahisi juu ya kazi isiyoandaliwa hubanduka mapema, na kutu hufanya kazi yake chini yake bila kuonekana. Rangi hii ya zamani imechoka, ila inasema ukweli. Kutu ikianza tutaiona.

Wiki ya 30

Gari limekaguliwa, limepita, lina karatasi zake. Naliendesha mimi, yeye atasubiri umri wake. Kilomita 6 za kwanza, kijana pembeni na daftari mapajani. Likifunga breki linavuta kushoto. Tumerudi, tumeseti upya vizungushio vya lainingi za mbele, gurudumu lizunguke huru na kugusa kidogo tu. Halivuti tena.

Maji ya kioo yanafanya kazi. Kwenye Beetle hii hayana mota, yanasukumwa na upepo wa tairi la akiba kupitia mpira mwembamba, na valvu inakata kabla tairi halijaishiwa. Kijana alilijaza upepo, akabonyeza, maji yakaruka mpaka katikati ya kioo. Alibonyeza mpaka chupa ikaisha.

Wiki ya 34

Kilomita 512. Injini imelala usiku kucha, baridi kabisa. Tumeanza na namba 3, valvu ya kutolea moshi. Ameingiza fila geji ya 0.15, akaivuta, akanyamaza, akanipa nami nivute. Inasuguana vile vile. Tumejaribu ya 0.20, haiingii. Haijasogea.

Kisha nati za nyuma. Gari chini, kabari, breki ya mkono, bomba sambamba. Alikuwa ameshainua mguu kuuweka kwenye mstari mweupe aliposimama, akaenda ndani, akarudi na mzani. Kilo 56. Akapiga hesabu ukutani kwa chaki: 56 mara 9.81, nyutoni 549. 300 gawanya kwa 549. Akachukua futi kamba na brashi, akachora mstari mpya kwenye bomba, karibu zaidi na nati, na kuandika "55". Ule wa 59 ameuacha.

Akapanda. Kulia haikushuka. Kushoto haikushuka.